Tusimwondoe Mtu wa Mlangoni

Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo ambalo limetugawanya sisi wa Kidato cha Nne tangu mwezi wa nne, nalo ni mchezo mmoja wa kuchekesha. Najua wako wasomaji watakaosema kwamba wavulana wenye mtihani wa taifa mbele yao hawana haja ya kugombania mchezo. Nawaomba wavumilie kidogo, kwa kuwa mahafali yetu yako mwezi wa kumi, na mambo yakiamuliwa kama yanavyotaka kuamuliwa sasa, wazazi na wageni wetu wataonyeshwa mchezo ambao sio tuliousoma.

Mchezo wenyewe waitwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Ulitungwa kwa Kirusi na Nikolai Gogol, ukachezwa mara ya kwanza mjini St Petersburg mwaka 1836, na Christon Mwakasaka akautia katika Kiswahili. Tafsiri yake ilipigwa chapa mwaka 1979. Si kitabu cha mtihani. Vya mtihani tunavyo, na kimoja ni Ngoswe cha Edwin Semzaba, kimhusucho karani wa sensa aliyetumwa kijijini akaisahau kazi kwa ajili ya mapenzi na pombe. Mwalimu wetu wa Kiswahili alipomaliza kutufundisha Ngoswe alisema yuko mgeni mwingine wa serikali aliyefika mahali akavuruga mambo, na tukimfahamu huyo tutamfahamu Ngoswe vizuri zaidi. Akafungua kabati la maktaba akatoa nakala 6 zenye vumbi na kurasa za manjano, nasi tu wavulana 48. Tukasoma wanane kwa nakala moja, na aliyekaa mbali na kitabu akawa msikilizaji tu.

Hadithi yake si ndefu. Mkuu wa mji mmoja mdogo wa Urusi apata habari kwa barua kwamba mkaguzi atakuja kutoka St Petersburg, tena kwa siri. Basi awaita wakubwa wenzake wote, na hapo ndipo tulipoanza kucheka, maana kila mmoja ana uchafu wake wa kufagia upesi. Katika baraza la mahakama matarishi wamefuga mabata bukini, nayo hupita katikati ya miguu ya watu waliokuja na kesi zao. Hakimu hula rushwa, walakini moyo wake umetulia kabisa, kwa kuwa yeye hapokei fedha bali vitoto vya mbwa wa kuwindia. Hospitalini wagonjwa ni wachafu kama wahunzi. Yaamriwa wavikwe kofia safi, na juu ya kila kitanda liandikwe jina la ugonjwa kwa Kilatini, na ingefaa zaidi wagonjwa wenyewe wapungue, wasije wageni wakadhani daktari hajui kazi. Daktari huyo ni mgeni asiyejua neno moja la Kirusi. Bwana wa Posta hufungua barua za watu, si kwa ubaya, ati, bali kwa hamu ya kujua habari za dunia. Tena liko kanisa ambalo fedha zake zilitolewa miaka mitano iliyopita nalo halikujengwa. Wakubwa waagizwa waseme lilianza kujengwa likaungua.

Msimamizi wa shule ndiye aliyetupendeza kuliko wote, kwa sababu ambazo wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kuelezwa. Ana mwalimu mmoja asiyeweza kusimama mbele ya darasa bila kukunja uso kwa namna ya kutisha, na mwalimu wa historia ambaye akifika kwa Alexander wa Makedonia hupandwa na moyo hata akavunja kiti. Mkuu wa mji hana ugomvi na Alexander, bali akisikitikia kiti, kwa kuwa ni mali ya serikali. Tangu siku hiyo kila kiti kibovu katika bwalo letu huitwa Alexander, na walimu wetu wa historia watuwie radhi.

Huyo anayedhaniwa kuwa mkaguzi ni Khlestakov, karani wa daraja la chini kabisa, kijana mwenye nguo nzuri na mfuko mtupu. Fedha zake zimekwisha katika karata, amekaa nyumba ya wageni wiki mbili bila kulipa, na mwenye nyumba amekataa kumpa chakula zaidi. Bobchinsky na Dobchinsky, wapenda habari wawili wa mji ule, wamwona akizichungulia sahani za watu, wakatoka mbio kutangaza kwamba huyo ndiye. Mkuu wa mji aenda kwake akitetemeka. Khlestakov naye, amwonapo mkuu wa mji, adhani amekuja kumtia kifungoni kwa deni la chakula, atetemeka vilevile. Waogopana wote wawili, na kila mmoja ajitetea kwa jambo ambalo mwenziwe hakumwuliza. Tulipouigiza ukurasa ule darasani, dawati likiwa kitanda, mwalimu wa chumba cha pili alikuja dirishani kutazama kuna nini.

Mwalimu wetu alituuliza katika mchezo huu nani mwovu. Wengi walisema Khlestakov, kwa sababu ni tapeli. Mimi sikubali. Tapeli huja na uwongo wake tayari kifuani, na huyu hakuja na kitu ila njaa. Uwongo walimletea wao wenyewe, wakamvika kama koti la kuazima, na alipoona lamtosha akaanza kuringa nalo. Mpaka jioni supu yake yatoka Paris kwa meli, tikiti maji la karamu zake lagharimu rubli 700, na ofisi yake ikikosa mkubwa watumwa matarishi 35,000 kumtafuta yeye. Hakuna anayecheka hata mmoja. Wasimama wima wanatoka jasho. Kesho yake wamwendea mmoja mmoja, naye awakopa: Hakimu rubli 300, Bwana wa Posta 300, msimamizi wa shule 300, mkubwa wa hospitali 400, na Bobchinsky na Dobchinsky, ambao kwa kukung'uta mifuko yao yote wapata 65.

Hata hapa tulikuwa pamoja, darasa zima. Mgawanyiko ulianza na mjane.

Katika sehemu ya nne, baada ya wakubwa kutoa mikopo yao, waingia watu wa mji wenye malalamiko. Kwanza wafanya biashara, ambao wasema kwamba mkuu wa mji huchukua vitambaa madukani mwao bila kulipa, na siku ya somo wake huiadhimisha mara mbili kwa mwaka ili apate zawadi mara mbili. Wamletea mkaguzi divai na sukari. Yeye asema hapokei rushwa, ila kama wanaweza kumkopesha hilo ni jambo jingine. Mtumishi wake, Osip, achukua sukari na hata kamba iliyofungia mizigo, kwani kamba nayo yaweza kumfaa mtu safarini. Hapo tulicheka sana. Halafu waingia wanawake wawili. Mmoja ni mke wa fundi wa makufuli. Mumewe amepelekwa jeshini wala si zamu yake: aliyepaswa kwenda ni mtoto wa fundi cherehani, bali wazazi wake walitoa zawadi, wa pili alikuwa mtoto wa mama mwenye duka, bali mama yule alimpelekea mke wa mkuu wa mji vitambaa vitatu, ndipo zamu ikamwangukia asiye na kitu cha kupeleka. Wa pili ni mjane wa sajini. Wanawake walipigana sokoni, askari wakachelewa kufika, wakamkamata yeye aliyekuwa hana habari, wakamchapa viboko. Ombi lake ni dogo mno. Hataki mtu afungwe. Lililotendeka limetendeka, ila mkuu wa mji alipe faini kwa kosa hilo, kwa sababu siku hizo fedha zingemsaidia.

Mkuu wa mji naye alikuwa na jibu lake, alilolitoa baadaye alipojitetea: ati mjane yule alijichapa mwenyewe. Wasomaji, tulicheka hata mmoja wetu akaanguka kutoka Alexander. Mwalimu alingoja. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hakuweza kukaa kwa siku ngapi?" Tukapekua. Mwenye kitabu akajibu, "Siku mbili, Mwalimu." Mwalimu akasema, "Someni tena." Tukasoma tena maneno yaleyale, na mara hii darasa lilikuwa kimya. Si kwamba maneno hayachekeshi. Yanachekesha sana, hata sasa niyaandikapo nakaribia kucheka. Lakini sisi ni watu tunaojua kiboko ni nini, na hakuna mvulana wa bweni aliyepata kujichapa.

Khlestakov awaambia wanawake waende zao, atalishughulikia. Mara mikono yaingia dirishani, mikono mitupu bila nyuso, kila mmoja umeshika barua ya malalamiko. Amechoka. Aamuru wasiingizwe tena. Hapo mlango wafunguka, na Gogol aonyesha katika maelekezo yake mtu mmoja amevaa koti la kitambaa kizito, hakunyoa ndevu, mdomo umevimba, shavu limefungwa bandeji, na nyuma yake wengine. Mtu huyu hasemi neno. Osip amsukuma tumboni kwa mikono miwili, atoka naye, mlango wafungwa. Kisha aingia binti wa mkuu wa mji, na mambo ya mapenzi yaanza.

Hatuambiwi mtu yule alipigwa na nani, wala hatumwoni tena. Nilisoma mchezo wote mara tatu wakati wa prepo nikimtafuta, hayumo.

Sasa nieleze ugomvi wenyewe. Kamati ya michezo ya kuigiza imechagua mchezo huu kwa siku ya mahafali, na naipongeza. Kwa kuwa tumepewa dakika 50, mchezo wa sehemu tano lazima upunguzwe, na hilo pia nalikubali. Bali kamati imeamua kwamba katika sehemu ya nne, mara baada ya wakubwa kutoa fedha, Khlestakov aanze moja kwa moja kumposa binti. Wafanya biashara watoke, mke wa fundi atoke, mjane atoke, mikono ya dirishani itoke, na mtu wa mlangoni atoke. Sababu zao nimezisikia. Wanasema walalamikaji hawachekeshi, nao watapooza watu katikati ya raha. Wanasema mgeni rasmi atakuwepo, na pengine atadhani tunamsema yeye. Na mmoja wao, rafiki yangu wa bweni moja, akaniambia, "Ndugu, malalamiko yana mahali pake, ndiyo risala."

Nianze na hilo la kuchekesha, kwa kuwa ndilo jepesi. Mchezo ukiondolewa watu hawa unabaki kichekesho cha wakubwa wajinga waliotapeliwa na mjinga mwenzao. Watazamaji watacheka, watakwenda kula pilau, na njiani watasema, "Warusi wa zamani!" Nani alipata hasara katika mchezo huo? Wala rushwa walipoteza fedha za rushwa. Hiyo si hasara, ni hesabu kurudi sawa. Mabata katika mahakama yanachekesha mpaka umfikirie mtu aliyetembea siku nzima na kesi yake, akafika akakanyagana na mabata. Gogol alijua hivyo, ndiyo sababu aliwaleta watu wale mlangoni baada ya sisi kuchoka kwa kucheka, wala si mwanzoni.

Tena kamati imesahau sehemu ya tano. Mkuu wa mji akisha kuamini kwamba atakuwa mkwe wa mkaguzi, jambo lake la kwanza ni nini? Awaita wafanya biashara waliomshitaki awatese kwa maneno, na aamuru yaandikwe majina ya wote waliokwenda kulalamika. Wote. Mjane yumo katika orodha hiyo. Alikwenda kwa mtu aliyedhani ni serikali, akasema jina lake na maumivu yake, na sasa jina hilo liko mkononi mwa yule yule aliyemchapa. Tukiwakata walalamikaji, orodha hiyo itaandikwa majina ya nani?

Nitasema kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Shule ya msingi niliyosoma sitaitaja, wala haiko karibu na hapa. Tulipokuwa darasa la tano tulipata habari kwamba wakaguzi watakuja. (Siku hizi jina lao ni wathibiti ubora wa shule, bali kwetu watu bado husema wakaguzi.) Mawe ya njiani yakapakwa chokaa. Madawati 12 yakaazimwa shule ya jirani, tukayabeba wenyewe, na jioni ya pili tukayarudisha. Tulifundishwa kwamba mgeni akiuliza swali wote wanyoshe mkono, anayejua wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili mgeni aone darasa zima lina akili na mwalimu ajue nani wa kumchagua. Nikikumbuka nacheka hata leo, na Gogol angalipata habari hiyo yamkini angaliitia katika mchezo wake.

Lakini mwenzangu wa dawati hakujua kusoma. Alikuwa mvulana mwema, fundi wa magari ya waya, na hesabu za kichwa alinipita. Ila herufi hazikumkaa, na alikuwa na kigugumizi. Jioni ya kuamkia ukaguzi yeye na wengine 10 waliambiwa wasije kesho. Waliambiwa kwa upole, na baadhi yao walifurahi kama waliopewa sikukuu. Wageni wakaja, wakayaona madawati, wakaiona mikono yote juu, wakaandika, wakaondoka alasiri. Kama alikuwako mtoto mmoja katika shule ile aliyestahili kuonwa na mkaguzi siku hiyo, ni yule aliyekuwa nyumbani akichunga mbuzi wa baba yake. Darasa la saba lilipokwisha hakuchaguliwa. Sasa anasukuma mkokoteni sokoni, na kila likizo tukikutana aniuliza habari za shule kwa furaha, kana kwamba ni shule yetu sote wawili.

Kwa hiyo niliposoma maelekezo yale ya mtu mwenye shavu lililofungwa, sikuona Mrusi.

Sisemi kwamba waliomrudisha nyumbani walikuwa watu wabaya. Hili ndilo nililojifunza kwa Gogol na ambalo nisingalijifunza katika kitabu cha huzuni. Mkuu wa mji si jini. Ana mke, ana binti, anaogopa kupoteza kazi, na hofu hiyo ndiyo inayomfanya asafishe vitanda badala ya kutibu wagonjwa. Mtu mwenye hofu ya kukaguliwa huficha kwanza kile kinachohitaji kukaguliwa. Kitabu cha huzuni kingetufanya tumchukie, tukakifunga tukijiona wema. Mchezo wa kuchekesha hutufanya tumfahamu, na mtu uliyemfahamu huwezi tena kusema humjui.

Kuhusu mgeni rasmi. Imesimuliwa kwamba mchezo huu ulipochezwa mara ya kwanza, mfalme Nicholas wa Kwanza alikuwako, akacheka. Na pasipo idhini yake usingaliruhusiwa. Huyu alikuwa mfalme ambaye hakuchaguliwa na mtu, na wakubwa waliochezwa jukwaani walikuwa watumishi wake mwenyewe. Wako waliokasirika, na Gogol, kwa uchungu wa maneno ya watu, aliondoka Urusi mwaka ule ule. Hata hivyo mchezo ulichezwa. Je, tumdhanie mgeni wetu, ambaye aghalabu ni mtu aliyepita shule kama hii na kula maharage kama haya, kwamba moyo wake ni mdogo kuliko wa mfalme? Naona kumficha mambo ndiko kumkosea heshima. Na kama atacheka mahali pa mabata halafu akanyamaza mahali pa mjane, atakuwa amefanya kama tulivyofanya sisi.

Na risala, ambayo rafiki yangu aitegemea? Risala ni nzuri, nami nimo katika wanaoiandika. Tutaomba tangi la maji na vitanda vya bweni la tatu, kwa lugha ya heshima, na Mungu akijalia tutapata. Lakini risala husomwa na mwenye kusoma vizuri. Mwenye mdomo uliovimba hasomi risala.

Wako wenzetu wanaosema kwamba mwisho wa mchezo unatosha, kwa sababu baada ya Khlestakov kukimbia na barua yake kufunguliwa na Bwana wa Posta, aingia askari kutangaza kwamba mkaguzi wa kweli amefika na anawaita. Wote wakauka kama sanamu, na Gogol alitaka wakae hivyo karibu dakika moja na nusu. Kamati inapenda sana mwisho huo. Wamekwisha kufanya mazoezi, na aliyefungua kinywa anakaa kweli bila kukifunga. Wanasema basi, haki imefika. Sina hakika. Mkaguzi wa kweli hatumwoni hata ukucha. Huenda naye atazipenda kofia safi za wagonjwa. Huenda Osip wake naye ana mikono miwili ya kusukumia watu. Kama tumemwona mtu wa mlangoni, basi wakati wote wa kimya kile tutajiuliza kama safari hii atafunguliwa. Kama hatukumwona, tutasubiri tu kuona nani atacheka kwanza.

Gogol mwenyewe aliandika baadaye kwamba watu walilalamika hawakuona mtu mwema hata mmoja katika mchezo wake, naye akasema alikuwako mmoja, nacho ni kicheko. Namheshimu marehemu kwa utunzi wake, ila hapa naomba kutofautiana naye. Kicheko hakina shavu la kufungwa bandeji.

Mwisho nitoe hesabu, kwa kuwa kamati inapenda hesabu. Nimepima kwa saa ya bweni: onyesho la walalamikaji, likisemwa bila kukawia, lachukua dakika 6. Dakika hizo zapatikana katika majigambo ya Khlestakov, ambayo kwa sasa ni dakika 11, kwa sababu anayemwigiza anaongeza mambo yake mwenyewe kila tunapofanya mazoezi, na juzi alitaja helikopta. Kwa kuwa shule yetu ni ya wavulana, sehemu ya binti imegombewa na watu 7, na ya mke wa mkuu wa mji na watu 5; mjane hakutakiwa na mtu. Nimemwomba mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu mwenye sauti nzuri ya utulivu, naye amekubali, kwa sharti kwamba asichekwe bwaloni. Mke wa fundi yuko. Mikono ya dirishani ni ya Kidato cha Kwanza, wako wengi na wanataka sana.

Mtu wa mlangoni nitakuwa mimi. Koti kuukuu la babu yangu ninalo sandukuni, nesi wa shule ameahidi kunipa bandeji, na mdomo utavimbishwa kwa pamba. Kamati itakutana Jumamosi ya pili baada ya shule kufunguliwa, chumba cha jiografia, saa kumi jioni, na mwanafunzi ye yote aruhusiwa kuingia.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne